Siku Hildegarda Alipokwenda Kuwasemea Ndege

Kokoto zililia ndani ya kopo la maziwa, mara moja tu, kisha kimya. Hildegarda alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, gizani, akilipima kopo lake karibu na sikio kama anavyofanya kila alfajiri mpunga unapoanza kuweka maziwa. Kokoto zikipungua, sauti inakuwa nyembamba, na hakuna ndege anayeogopa sauti nyembamba. Upande wa pili wa ukuta wa udongo mkwewe Bibiana, mke wa mwanawe, aligeuka kitandani, akasema kwa upole kwamba leo si siku ya kopo. Leo mama anakwenda kisiwani.

Hakuwa amesahau. Mikono ndiyo iliyosahau, maana kichwa kilikesha kikiwaza jambo hilohilo. Alilitia kopo ndani ya kikapu chini ya kanga iliyokunjwa, kwa kuwa hakuona pengine pa kuliweka katika giza lile, akatoka kuchochea moto.

Kisiwa chenyewe, tusidanganyane, ni fungu la mchanga na matete ambalo mto Mkondoa uliliacha katikati siku ulipoamua kupita pande mbili. Kiko mjini Kilosa kabisa. Ukisimama juu yake unasikia mashine ya kusaga ya sokoni na honi ya treni ikiingia stesheni. Watu walikuwa wakilima matembele huko, wakifua nguo, na wengine wakienda kwa haja zisizoandikwa. Hakikuwa na jina. Kisha lilikuja gari lenye kibandiko mlangoni, likafuatwa na jingine, na mwishowe kikasimikwa kibao: Kituo cha Hifadhi ya Ndege Wahamiaji. Tangu siku ile fungu la mchanga likawa kisiwa, matete yakawa makazi, na matembele yakawa uvamizi.

Kituo kilikuwa cha msimu. Kilifunguliwa mvua za vuli zilipokaribia, korongo weupe walipowasili kutoka Ulaya, na kilifungwa walipoondoka. Mwamvua, jirani wa Hildegarda kule bondeni kwenye majaruba ya mpunga, alipoambiwa mara ya kwanza kuwa ndege hao wanatoka Ulaya aliuliza kama ni Ulaya hii, kijiji cha njia ya kwenda Mikumi, kwani ana shemeji yake pale na hajamsikia akisema kuwa ndege wamehama.

Cornel, mwana wa Hildegarda, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kituo. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mkonge upande wa Rudewa, hadi shamba lilipopata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akagundua kwamba watu ni wengi kuliko mkonge. Neno lililotumika lilikuwa kupunguzwa. Miaka ile karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepunguzwa, na watu waliulizana habari zake kwa sauti ileile ya kuuliza hali ya mgonjwa. Madukani vitu vilikuwa vimejaa, sabuni za kila rangi, na watu walikwenda kuvitazama. Bibiana alipanga mitumba juu ya turubai karibu na stesheni, na siku ambazo hakuuza alirudi akisema leo wateja walikuwa wacheshi.

Sasa korongo walikuwa wameanza kujikusanya kwa safari, na sare ya Cornel ingerudishwa nao wakiondoka. Lakini wageni waliokuwa wakikisaidia kituo kwa fedha walikuwa wamefika. Walilala Mikumi wakitazama tembo, na siku hiyo wangekuja Kilosa kutazama ndege. Wakiridhika, kituo kitakuwa wazi mwaka mzima na mlinzi atakuwa mwajiriwa wa kudumu. Wasiporidhika, Cornel ataungana tena na wanaume wanaokaa chini ya kibaraza cha duka wakijadili mpira. Hilo ndilo lililoikalia nyumba ile kifuani.

*

Ili waridhike, wageni walitaka kuona ushirikishwaji wa jamii. Mkuu wa kituo, Bwana Theodory, aliyetoka chuoni Morogoro, alikuwa amelieleza neno hilo mwenyewe nyumbani kwa Cornel, akiwa amekaa kwenye kigoda na bakuli la uji mkononi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia Hildegarda shikamoo akiwa bado mlangoni, na uji aliumaliza ingawa haukuwa na sukari. Alisema wageni hupenda mzee wa mahali asimame aeleze jinsi wananchi wanavyowapenda ndege. Wazee kadhaa walikuwa wameombwa, na wote kwanza walitaka kujua habari ya posho. Ndipo akamkumbuka mama wa mlinzi wake, ambaye kwa bahati nzuri asingeweza kukataa.

Hilo la mwisho hakulisema, ila lilikuwa limekaa pale katikati yao pamoja na bakuli.

Alimfundisha maneno. Ndege ni rafiki wa mkulima. Hildegarda aliuliza ni ndege yupi.

“Wote, bibi,” alisema Theodory.

“Na kwelea, wanaotumalizia mpunga?”

“Kwelea tusiwataje.”

Hildegarda alianza kuamia ndege akiwa mtoto ambaye meno ya mbele hayajarudi. Kazi ya kuamia ni kukaa juu ya dungu, jukwaa la miti shambani, kutwa nzima, kamba za makopo mkononi, na kuwazuia ndege wasishuke kwenye mpunga. Na mtu akiifanya miaka mingi, koo lake linakuwa mali ya bonde zima. Lake lilijulikana hadi Munisagara, au ndivyo Mwamvua alivyopenda kusema. Neno “wote” lilimkaa mdomoni kama kokoto ndani ya wali. Lakini alimtazama Cornel, aliyekuwa akitazama miguu yake, akasema vizuri, mwanangu, nitasema. Kwa siku kadhaa alijizoeza akiosha vyombo, na Bibiana akimsahihisha, kwa sababu aliyatamka maneno yale kama mtu anayetangaza msiba.

Ilibaki habari ya mpunga. Siku moja bila mtu juu ya dungu, mpunga ukiwa katika maziwa, ni siku ya kuvuna makapi. Mwamvua aliposikia alisema ataamia majaruba yote mawili, lake na la mwenzake. Walikuwa watani hao, wa ukoo kwa ukoo, na hawakuwahi kufanyiana wema bila kutukanana kidogo kwanza.

“Nenda kawasemee, mama Cornel,” alisema. “Wamekosa wakili miaka yote hii. Mimi huku nitakuwa hakimu.”

Bondeni kwao kuna desturi ambazo hazikuandikwa popote. Ukiachiwa jaruba la mwenzio, unafukuza ndege kwake kwanza, la kwako baadaye. Na mpita njia yeyote, awe anakwenda msibani au ametoka benki, akikuta ndege wanashuka kwenye mpunga wa watu hapiti kimya. Hupiga kelele yake kwanza, kisha ndipo husalimia. Mtu aliyepita kimya hutajwa kwa miaka.

*

Daraja la kwendea kisiwani lilikuwa mbao mbili. Cornel alitangulia, kisha akarudi kinyumenyume akimshika mama yake mikono yote miwili, kama mama alivyomshika yeye zamani akijifunza kutembea, na kikapu akakitundika shingoni mwake ingawa alikuwa na sare. Hildegarda aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Theodory alimpa fulana nyeupe yenye picha ya korongo kifuani. Ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine, mkubwa sana. Alimwomba aivae juu ya gauni, kisha akamwomba aondoe kanga mabegani ili korongo aonekane. Hildegarda hakuwa amesimama mbele ya watu bila kanga tangu alipovunja ungo. Aliiondoa. Cornel aligeuka akaanza kunyoosha kamba ambayo haikuwa imepinda.

Wageni walikuja na vumbi la Mikumi juu ya kofia zao. Walikuwa wachache: mwanamume mrefu aliyeandika kila kitu, vijana wawili wenye darubini, na mama mmoja wa makamo ya kuwa na wajukuu, nywele nyeupe, miguu imevimba kwa safari. Viti vilikuwa vya wageni. Jamii ilitandikiwa mkeka. Mama yule aliangalia viti, akaangalia mkeka ambao jamii yote juu yake ilikuwa Hildegarda peke yake, akaja akakaa chini kwa shida, akakunja miguu upande kama anavyokaa mwanamke yeyote mwenye magoti mabovu. Theodory alimletea kiti nyuma. Alishukuru, akaweka kofia yake juu ya kiti hicho.

Walipotembezwa, Hildegarda aliona kitu kilichomsimamisha. Nyuma ya banda kulikuwa na jaruba la mpunga. Mpunga mzuri, umenyooka, hauna jani la gugu hata moja, suke zimeinama. Hapakuwa na dungu. Hapakuwa na kamba wala kopo. Alimuuliza Cornel kwa sauti ya chini ni mpunga wa nani.

“Wa ndege, mama.”

“Umepaliliwa na nani?”

“Na mimi.”

Mwaka ule jaruba la nyumbani Hildegarda alilipalilia peke yake, mgongo ukimuuma, kwa sababu Cornel alirudi kazini amechoka. Alimwambia tu kuwa ameupalilia vizuri, na kweli ulikuwa umepaliliwa vizuri.

Ndipo ikafika zamu yake ya kusema. Alisimama, mikono imekumbatia korongo wa fulana ili asionekane amekaa vibaya, akasema kwamba ndege ni rafiki wa mkulima. Yalikuwa maneno matano tu, lakini Theodory aliyatafsiri kwa muda mrefu, na ndani ya tafsiri wageni walicheka mara moja na kusikitika mara moja. Mwanamume mrefu aliandika. Yule mama akataka kujua ni ndege gani hasa ambaye bibi anampenda zaidi. Theodory hakuwa amemfundisha jibu la hilo, ikabidi Hildegarda alitafute lake mwenyewe.

Alisema anampenda korongo. Korongo anakula panzi, hana neno na mtu, na akila anakula kwa adabu, hatua moja moja. Huo ulikuwa ukweli, na alipokuwa akiusema sauti yake ilitulia, na Cornel akashusha pumzi. Mama mgeni alitikisa kichwa kwa furaha. Theodory alitabasamu. Jambo lilikuwa limekwisha, na lilikuwa limekwisha vizuri.

Wakati huohuo, ng’ambo ya banda, kwelea walitoka kwenye matete. Walipanda kama moshi wa jikoni, wakajikunja, wakajikunjua, wakashuka juu ya mpunga.

Hildegarda hakuamua. Atakayesema aliamua hajawahi kuamia. Mkono ulikuwa umeshaingia kikapuni na kutoka na kopo, mguu umeshapiga hatua, na koo, lile koo la bonde zima, likafunguka. Hooo-yaa, hooo-yaa, swaa. Kokoto zililia. Kwelea waliondoka kwa mpigo mmoja, na wengine wote wakaondoka nao: yangeyange, bata wa maji, na korongo wenyewe, ambao tangu asubuhi walikuwa wamesimama kwa utulivu kama wazee wa kanisa. Kivuli kilipita juu ya kofia za wageni. Kisha kisiwa kikawa kitupu, ukasikika mto tu, na mashine ya kusaga ya sokoni.

Alibaki amesimama na kopo mkononi kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Hakuthubutu kumtazama Cornel. Theodory ndiye aliyewahi kusema, kwa Kiingereza cha haraka. Cornel, aliyeokota Kiingereza kidogo kule mkonge, alimweleza mama yake baadaye kilichosemwa: kwamba hiyo ilikuwa mila ya wenyeji ya kuwatakia ndege safari njema.

Wageni walipiga makofi.

Wangepiga makofi wakaondoka, na mambo yangekwisha hapo. Lakini mwanamume mrefu aliuliza ndege wamekwenda wapi. Wote wakatazama. Lile wingu lilizunguka juu ya soko, likavuka reli, likainama taratibu upande wa bonde.

Hildegarda alilifuata kwa macho hadi lilipotua. “Mwamvua yuko peke yake,” alisema, bila kumwambia yeyote.

*

Wageni walitaka kuwafuata ndege. Theodory alieleza kuwa njia ya bondeni ni mbaya. Mama mgeni alijibu kwamba gari lilinunuliwa kwa ajili ya njia mbaya. Alieleza kuwa kuna matope. Vijana wakaonyesha viatu vyao. Kwa hiyo walipanda wote, Hildegarda akakalishwa mbele kwa sababu ndiye aliyeijua njia, na ile fulana kubwa ikajaa upepo wa dirishani hata korongo akaonekana anaruka. Njiani hakusema neno isipokuwa kushoto na kulia. Nyuma, Theodory alimweleza Cornel kwa sauti ya chini kwamba hapa sasa kila kitu kinategemea wanachokiona. Hakuongeza kwamba kama wakiona vibaya, hata yeye ana mkataba wa msimu. Cornel alilijua hilo. Siku hizo kila mtu alikuwa wa msimu.

Walimkuta Mwamvua juu ya dungu, amefunga kibwebwe, kamba mkono huu na kamba mkono huu, sauti imekwisha kabisa. Alikuwa akiwafukuza kwelea kwenye jaruba la Hildegarda. Na nyuma yake, pembe nzima ya jaruba lake mwenyewe ilikuwa nyeusi kwa ndege, suke zikitikisika bila upepo, naye hajageuka kuitazama, kwa kuwa la mwenzake bado lilikuwa na ndege.

Hildegarda alifungua mlango gari likiwa bado linatembea. Alivuka tuta, akaingia kwenye maji na gauni lake la kanisani, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya Mwamvua huku kopo likilia.

Theodory alimshika Cornel mkono. “Mzuie mama yako,” alisema. “Wageni wanaona.”

Cornel alisimama juu ya tuta akiwa ndani ya sare. Alimtazama mkuu wake. Aliwatazama wageni, ambao walikuwa wameinua darubini, na ndege waliokuwa wakimlipa mshahara wake, na mama yake mzee aliyekuwa akikimbia matopeni na korongo kifuani. Alivua kofia yenye nembo akaikunja mara mbili. Akavua viatu vya kituo, akavipanga pembeni mwa tuta, kisigino kwa kisigino, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Kisha akaingia majini, akafungua mdomo, na ikajulikana kuwa koo lile lilikuwa la ukoo.

Mwamvua alipoona amepata wasaidizi aligeuka, na hapo ndipo alipowaona wageni. Walikuwa wamesimama kimya kwenye tuta, safu moja, vioo machoni. Alishangaa. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo tu, lakini aliitumia yote.

“Ninyi watu wa wapi mnaopita kimya?” alikaripia. “Ndege wanakula, mmesimama kama mnahesabu shemeji zenu. Pigeni kelele kwanza. Tutasalimiana baadaye.”

Mama mgeni alimuuliza Theodory amesema nini. Theodory alijibu kwamba anawakaribisha. Cornel, matope yamemfika magotini, aliona kwamba sasa hana cha kupoteza, akatafsiri mwenyewe kwa Kiingereza chake cha mkonge: huyu mama anasema pigeni kelele kwanza.

Kisha yule mama akavua darubini shingoni, akamkabidhi Theodory, akashuka kwenye tuta kwa kukaa, maana magoti hayakumruhusu njia nyingine, na alipofika chini akapiga kelele. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kopo lenye kokoto chache. Kwelea waliokuwa karibu naye hawakujisumbua. Hildegarda aliisikia, akaja akikokota miguu majini, akamtia kopo lake mkononi na kumwonyesha jinsi ya kulishika, kidole gumba juu ya mdomo wa kopo ili kokoto zisitoke. Wakaanza kwenda pamoja. Vijana wawili wakashuka. Mwanamume mrefu alibaki juu akipiga daftari lake kwa kiganja, akagundua linatoa sauti nzuri, akaendelea. Wa mwisho alikuwa Theodory. Alitazama viatu vyake vya ngozi, akatazama wale waliotoka mbali kuja kuwahifadhi ndege wakiwafukuza kwa mikono miwili, akafunga macho, akapiga kelele kwa sauti ya ofisini.

Korongo kadhaa walikuwa wamesimama ukingoni, wakiokota panzi waliokuwa wakikimbia vurugu. Mama mgeni aliwaelekezea kopo na kuuliza kwa macho kama na hao pia. Hildegarda alimshusha mkono taratibu.

“Huyo mwache,” alisema. “Huyo yuko kazini.”

*

Ndege walipoondoka walikaa wote juu ya tuta kukausha miguu. Bibiana alikuwa ametia mihogo ya kuchemsha kikapuni alfajiri, imefungwa ndani ya jani la mgomba, zaidi ya ambayo mtu mmoja angekula. Bibiana hufunga chakula kila mara kama anajua kuna mtu atatokea. Mihogo ilizunguka. Hakuna aliyeuliza nani ni jamii na nani ni mgeni, kwa sababu matope yalikuwa ya rangi moja.

Hildegarda alikwenda kuitazama pembe ya Mwamvua. Alizishika suke, zikawa nyepesi vidoleni, maganda matupu. Alirudi akasema lililokuwa likimkaba.

“Ndege hawa ni mimi niliowaleta. Niliwafukuza kule, wakaja kwako.”

Mwamvua alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kwa vile sauti hakuwa nayo alicheka bila sauti, machozi yakimtoka. “Nimekutuma ukawasemee,” alinong’ona, “nawe umewaelekeza nyumbani kwangu.” Hildegarda alisema wakati wa kuvuna atamkatia pembe ileile kutoka kwake. Mwamvua alisema bila shaka atamkatia, na kubwa zaidi, iwe fidia ya kumtisha. Hapo wakamaliza shauri hilo.

Mama mgeni alizungumza na Theodory kwa muda mrefu, na Theodory, kwa kuwa Cornel alikuwa amekaa karibu akisikiliza, ilibidi atafsiri kama ilivyosemwa. Alisema ametembelea vituo vingi na kupewa fulana nyingi. Ushirikishwaji ameonyeshwa kila mahali, ila leo ndiyo mara ya kwanza umemwingia kwenye viatu. Atapendekeza kituo kibaki wazi mwaka mzima, na angependa mlinzi awe mtu ambaye watu wa bondeni wanamsikiliza. Theodory akatafsiri na hilo.

Mwanamume mrefu aliuliza jambo la leo liandikweje kwenye taarifa. Walishauriana. Ikakubaliwa kuandikwa kwamba wakulima na wageni walifanya kwa pamoja zoezi la kufuatilia mienendo ya ndege kwa njia za asili. Na kwa vile zoezi lilifana sana, msimu ujao jaruba la ndege kisiwani litaongezwa ukubwa.

Cornel aliinama akavichukua viatu vyake pale tutani. Alivishika mkononi, hakuvivaa mara moja. Theodory alimwambia avae, watu wasije wakafikiri kituo hakiwatunzi wafanyakazi wake. Kisha akachutama mwenyewe, suruali yake ya kitambaa kizuri ikiwa imeharibika kabisa, akafuta nembo ya kiatu cha kushoto kwa kiganja. Hildegarda aliliona na hilo. Alimwambia kwamba kama Cornel atapalilia jaruba kubwa zaidi la ndege, basi njiani kurudi apitie na la binadamu. Theodory alifikiri, akasema hilo litaingia chini ya ushirikishwaji.

Hildegarda alivua ile fulana, akaikung’uta, akampa Mwamvua, aliyekuwa ameiangalia tangu mwanzo bila kuiomba. Akajitanda kanga yake mabegani, na ilikuwa kama kurudi nyumbani kabla ya kufika.

Wageni walianza kupanda gari. Mama mgeni alirudisha kopo kwa mikono miwili, na Hildegarda akalipokea kwa mikono miwili. Walitazamana, wakacheka kidogo, kama watu ambao wangekuwa na mengi ya kusemezana kama si lugha.

Mwamvua alikuwa ameshapanda dungu lake tena, korongo kifuani, kamba mkononi. Hadi wakati ule hakuwa ameuliza wale watu ni akina nani wala wamefuata nini. Bondeni aliyepiga kelele hahojiwi. Aliinama kutoka juu, akaikusanya sauti iliyobaki, na kuwaita kabla mlango haujafungwa.

“Kesho mje tena kututembelea,” alisema. “Ila mje mapema. Ndege hawa wanaamka kabla ya jua.”